Seva ya nyumbani kwa picha na kanda za familia: uzi wa anayeanza kutoka sifuri

Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Watu wengi wananifuata pembeni kuniuliza namna ya kuwa na seva yako mwenyewe nyumbani, na maswali karibu ni yale yale. Nimeona niyaweke hapa mara moja, wenye ujuzi zaidi waongeze, na anayeanza apate pa kushika.

Nikisema seva ya nyumbani sina maana ya kabati la vyuma linalonguruma. Ni kompyuta yoyote ndogo inayoachwa imewashwa usiku na mchana, imechomekwa kwenye rauta, na simu na runinga za nyumba nzima zinachota humo: picha, muziki, video, nyaraka. Ukiwa ndani ya nyumba hutumii bando hata kidogo, kwa sababu data inatoka chumba cha pili, haitoki Ulaya.

Kwa nini ujisumbue? Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo. Sasa unapewa GB 15, na hizo unagawana na barua pepe na Drive. Nyumba yenye simu nne na watoto wadogo inazimaliza upesi. Baada ya hapo ulipe kila mwezi maisha yako yote, au uanze kufuta. Wengi hawafanyi lolote kati ya hayo mawili, picha zinabaki kwenye simu tu, na simu ndiyo inayoporwa barabarani au kutumbukia ndooni.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, maana uzi wote umesimama juu yake: anza na vitu ambavyo vikipotea havipatikani tena. Filamu utaipata popote. Sauti ya bibi yako kwenye kaseti ya mwaka 1988 haipo kwingine duniani. Ukishakubali hilo, mpangilio wa kazi unabadilika. Kwanza unaamua data itakaa wapi na itarudije ikipotea, halafu ndiyo unachagua programu. Mafunzo mengi ya mitandaoni yanakwenda kinyume: unawekewa programu ishirini siku ya kwanza, na neno bekapu linatajwa mwishoni kama salamu.

Mashine. Tafuta zile kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Kariakoo zipo, Nairobi nenda Luthuli Avenue. Cha kuangalia ni kizazi cha prosesa. Kwenye Intel i5-8500T, ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi. H.264 na HEVC ni namna za kubana video. Kizazi cha 4 kinaimudu H.264 lakini HEVC kinashindwa kuifungua kwenye chipu. Cha 6 kinaongeza HEVC ya biti 8, na cha 7 na cha 8 vinafika HEVC ya biti 10. Mimi nasema usishuke chini ya cha 8. Ukiweka RAM ya GB 8 unaanza, GB 16 unapumua.

Umeme wake hautishi. Mashine kama hiyo ikiwa imetulia inakula wati 10 hadi 15. Chukua 15, zidisha kwa saa 24 na siku 30, unapata uniti 10.8 kwa mwezi. Kwa aliye T1 (T1 na D1 ni makundi ya bei ya TANESCO), uniti pamoja na makato ni karibu shilingi 356, hiyo ni kama shilingi 3,850. Aliye D1 ajipime vizuri, kwa sababu uniti hizo kumi na kitu zinaweza kumvusha mpaka wa uniti 75. Na mtu akikuuzia seva kubwa ya ofisi kama PowerEdge R710 kwa bei nzuri, mkatalie kwa heshima. Ile ikitulia tu inaweza kuvuta wati 150, yaani uniti 108 kwa mwezi, na kelele juu.

Diski. Mfumo na hifadhidata viwe kwenye SSD. Mafaili makubwa yanaweza kukaa kwenye hadidiski ya kawaida. Ila hapa nataka mnisikilize: zile SSD za nje na flashi za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya kutupa, nyingi ni bandia. Ndani mna GB 32 au 64, na chipu yake imepangwa iidanganye kompyuta kwamba ni TB 2. Utanakili vizuri, majina ya mafaili utayaona yote, lakini ukishapita uwezo wake halisi inaandika juu ya yale ya mwanzo. Unakuja kugundua siku unafungua. Kabla hujaweka picha hata moja, sakinisha programu ya f3 kwenye Linux, halafu:

`f3write /mnt/mpya`
`f3read /mnt/mpya`

Ya kwanza inaijaza diski yote, ya pili inasoma ilichoandika. Ikitoka safu ya "corrupted" yenye namba kubwa, irudishe dukani siku hiyo hiyo. Kwa hadidiski iliyotumika, endesha `smartctl -a /dev/sdb` na utazame mistari mitatu: Reallocated_Sector_Ct, Current_Pending_Sector na Power_On_Hours. Miwili ya kwanza iwe sifuri. Wa tatu ni umri wake wa kufanya kazi kwa saa, na 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa.

Mfumo: Debian, aina mojawapo ya Linux, bila mazingira ya madirisha. Juu yake Docker, inayoendesha kila programu ndani ya boksi lake, yaani kontena. Basi. Nitaendelea.

---

BintiPangani

Asante sana kaka Ngamiani, leo nimeelewa. Mimi ni mwalimu, nina laptopu ya zamani, kioo kimepasuka lakini inawaka. Naweza kuitumia hiyo au mpaka ninunue mashine uliyoitaja? Huku kwetu umeme unakatika mara kwa mara.

---

Ngamiani

Mwalimu, itumie. Kwa mazingira ya kwako laptopu ina kitu ambacho zile nyingine hazina: betri yake ndiyo UPS. Umeme ukikatika dakika kumi haijui hata kama umekatika.

Mambo matatu ya kufanya. Kwanza, Linux ikiona umefunga kifuniko inalaza mashine. Fungua faili `/etc/systemd/logind.conf`, tafuta mstari wa `HandleLidSwitch`, ondoa alama ya reli (#) mbele yake, na uandike `HandleLidSwitch=ignore`. Washa upya, funga kifuniko, iweke juu ya kabati.

Pili, betri ikikaa kwenye chaji asilimia mia mwaka mzima huvimba, hasa kwa joto la pwani. Laptopu nyingi za kazini zinakubali kuwekewa kikomo. Kwenye ThinkPad kuna faili `/sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold`, unaiandikia 60. Kama yako haikubali, ikague kila baada ya muda. Ukiona sehemu ya kuwekea viganja imeinuka, toa betri mara moja.

Tatu, giza likizidi na betri ikaisha, umeme ukirudi laptopu nyingi haziwaki zenyewe. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) uangalie: Dell Latitude wana kipengele cha "Wake on AC". Zile kompyuta ndogo za ofisini karibu zote zinacho, kimeandikwa "AC Recovery" au "After Power Loss". Washa hicho kabla ya kitu kingine chochote. La sivyo, siku umesafiri umeme ukakatika, itabidi umpigie mtu nyumbani akabonyeze kitufe.

---

FundiMawimbi

Naunga mkono, na naongeza kwenye umeme kwa sababu ndipo wengi wanapoumizwa.

Ukinunua UPS, nunua yenye tundu la USB, ile inayoweza kuongea na kompyuta. UPS bubu inachelewesha tu: betri ikiisha, seva inazimika ghafla vile vile, katikati ya kuandika. Mfumo wa mafaili wa ext4 kwa kawaida utajinusuru kwa sababu una jono lake, yaani daftari la mabadiliko yanayoandikwa. Ila usiutie majaribuni kila wiki, na diski za nje za bei rahisi hazina uaminifu kwenye kuandika data kwa mpangilio.

Sakinisha NUT, programu inayoongea na UPS, itambue UPS, iambie betri ikifika chini izime seva kwa utaratibu. Kisha kuna mtego ambao wachache wanausema. Tuseme NUT imezima seva vizuri, na dakika moja baadaye umeme ukarudi kabla UPS haijaisha. Kwa upande wa seva umeme haukukatika kabisa, kwa hiyo kile kipengele cha BIOS hakifanyi kazi na seva inabaki imelala. Dawa yake ni kwamba NUT ikishazima mashine iiamrishe na UPS ikate umeme wake yenyewe, kisha iurudishe. Kwenye `upsmon.conf` hakikisha mstari wa `POWERDOWNFLAG /etc/killpower` upo. Halafu jaribu kweli: chomoa UPS ukutani, kaa hapo uangalie hadi mwisho wa mzunguko.

Rauta na kile kiboksi cha faiba vipe UPS ndogo ya volti 12. Ni kitu cha bei nafuu na kinashika saa kadhaa.

---

Ngamiani

Mkuu FundiMawimbi, hilo la `killpower` nawaomba wote walisome mara mbili.

Niende kwenye programu. Nitataja tatu tu za kuanzia.

Picha: Immich. Ilianza 2022 na toleo lake la kwanza lililotangazwa kuwa imara, la 2.0, lilitoka Oktoba 2025. Unaweka programu yake kwenye simu ya kila mtu nyumbani, kila mmoja na akaunti yake, na picha zinapanda zenyewe simu ikiwa kwenye Wi-Fi. Inatambua nyuso, inaonyesha ramani, na unaweza kutafuta kwa maneno. Hapa ndipo familia inapoacha kuiona seva kama mchezo wa baba. Mama watoto akifungua simu akaona picha za miaka yote za mtoto mmoja zimejipanga, hutamwomba tena ruhusa ya kununua diski.

Video: Jellyfin. Ilizaliwa Desemba 2018, programu ya Emby ilipofunga msimbo wake na watu wakachukua uliokuwa wazi wakauendeleza. Hailipiwi, haina akaunti ya kampuni nyuma yake. Hii ndiyo faili yangu ya `compose.yaml`, inayoiambia Docker namna ya kuiendesha:

```
services:
  jellyfin:
    image: jellyfin/jellyfin
    user: 1000:1000
    ports:
      - 8096:8096
    volumes:
      - /srv/jellyfin/config:/config
      - /srv/jellyfin/cache:/cache
      - /mnt/kanda:/media:ro
    devices:
      - /dev/dri:/dev/dri
    group_add:
      - "105"
    restart: unless-stopped
```

Msiinakili bila kuisoma. Kila mstari una kazi yake. Upande wa kushoto wa nukta mbili ni folda ya mashine yako, wa kulia ni vile kontena inavyoiona. `:ro` pale mwisho inaipa Jellyfin ruhusa ya kusoma tu, kwa hiyo hata programu ikivurugika haiwezi kufuta kanda zenu. `/dev/dri` ndiyo mlango wa chipu ya video niliyoisema kule juu; bila huo prosesa itahangaika na mashine itachemka kila runinga ikiomba video igeuzwe. Na 105 ni namba ya kundi la `render` kwenye mashine yangu. Yako itakuwa nyingine, itafute kwa `getent group render`.

Sauti: Navidrome. Nyepesi, na simu ina programu nyingi za kusikilizia zinazoongea nayo.

Nywila za familia nzima usizihamishie kwenye seva yako mwanzo huu. Najua Vaultwarden ni nzuri. Subiri mpaka umeshawahi kurejesha data kutoka kwenye bekapu kwa mkono wako mwenyewe.

---

Chogo

Mkuu, kwa nini usiwashauri Proxmox, ule mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa ndani ya moja? Ukiharibu kitu unarudisha mashine pepe nzima kwa dakika. Na kwa runinga, programu ya Plex bado ni rahisi zaidi kwa wazee nyumbani.

---

Ngamiani

Chogo, Proxmox ni kazi nzuri na yenyewe imejengwa juu ya Debian. Kwa mwenye GB 32 za RAM na hamu ya kujifunza mashine pepe, aende. Anayeanza na GB 8 namwona anabebeshwa tabaka moja la ziada la kuelewa kabla hajapata faida hata moja. Na kurudisha mashine pepe hakukurudishii picha zilizokuwa kwenye diski ya nje ambayo hukuiweka kwenye bekapu.

Plex ni rahisi, sikatai. Lakini Aprili 2025 walipandisha bei ya leseni ya maisha kutoka dola 119.99 hadi 249.99, na kutazama video zako binafsi ukiwa nje ya nyumba kukawa kwa kulipia. Mashine yangu, umeme wangu, harusi ya dada yangu. Sitaki mtu wa tatu awe na funguo ya mlango huo.

---

Kipanya_Likoni

Mimi niko Mombasa, nimefika hadi hapo, nyumbani inafanya kazi vizuri. Shida ni nikiwa nje. Nimefungua poti 8096 kwenye rauta kama video zinavyoelekeza, na bado haifunguki. Nimeshinda nayo usiku kucha.

---

Ngamiani

Ndugu yangu, haitafunguka, na kosa si lako. Ingia kwenye rauta usome anwani ya IP ya upande wa nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, au ikianza na 10, basi mtoa huduma amekuweka nyuma ya CGNAT: wateja wengi mnagawana anwani moja ya nje. Anayegonga kutoka nje anaishia kwenye mitambo ya kampuni, rauta yako haisikii chochote. Mitandao ya simu karibu yote iko hivyo, na intaneti nyingi za majumbani pia. Hebu ifunge hiyo poti sasa hivi. Kuiacha wazi ni hatari, na haikusaidii.

Tumia Tailscale. Imejengwa juu ya WireGuard, ile iliyoingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2020. Unaiweka kwenye seva na kwenye simu yako, zote mbili zinatoka nje kutafutana, na zikishakutana zinafungua njia ya siri kati yao bila wewe kufungua poti yoyote. Simu inaiona seva kwa anwani yake binafsi kama mko nyumba moja.

Ukiona video inasuasua, andika `tailscale status`. Pakiandikwa "direct" mmeunganishwa moja kwa moja. Pakiandikwa "relay" data inapitia seva za kati, kasi inapungua sana. Ukiwa na IPv6 (anwani za intaneti za kizazi kipya) pande zote mbili, mara nyingi inapata njia ya moja kwa moja.

Kuna watakaokushauri Cloudflare Tunnel, njia nyingine ya kuifikia seva ukiwa nje. Kwa ukurasa mwepesi haina shida. Kwa Immich itakukwamisha: mpango wa bure unakataa kitu kinachozidi MB 100 kwa mkupuo mmoja, na video ya dakika chache ya simu za leo inapita hapo. Utaona picha zinapanda, video zinagoma, na hutajua kwa nini.

Na jambo la usalama kwa wote wanaotumia `ufw`, ule ukuta wa kufunga poti: Docker inaandika sheria zake moja kwa moja kwenye iptables, ngazi ya chini ya ukuta huo, na kuiruka `ufw`. Unaweza kuona umefunga poti na kumbe iko wazi. Ukitaka huduma ionekane kwa Tailscale peke yake, andika anwani ya Tailscale mbele ya poti kwenye `compose.yaml`, usitegemee ukuta.

---

Kipanya_Likoni

Wallahi imefunguka. Niko kwenye feri naangalia picha za mtoto wangu. Nilikuwa nimeshaanza kudhani ni rauta mbovu. Shukran sana.

---

MzeeWaLeicester

Vijana wangu, nafuatilia uzi huu kutoka Uingereza. Nimezaliwa Tanga, nimeondoka siku nyingi. Ndugu zangu huko wana sanduku la kanda za VHS na kaseti: harusi, maulidi, taarabu tulizorekodi wenyewe kwenye kumbi. Hazijachezwa miaka. Je, zinaweza kuingia kwenye hiyo seva nami nikazisikiliza huku? Na zikiharibika wakati wa kuzicheza?

---

Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Hili swali ndilo lililonifanya nianze mambo haya, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kabla kanda haijaingia kwenye mashine, waambie wafungue ule mfuniko wa VHS wautazame ukanda kwa tochi. Unyevu wa pwani huleta ukungu mweupe, kama vumbi la unga pembezoni mwa gurudumu la ukanda. Kanda yenye ukungu isichezwe kabisa. Mashine itasambaza ukungu huo kwenye vichwa na kuambukiza kanda nyingine zote zitakazofuata. Zitengwe, zikae mahali pakavu, zisafishwe na mtu anayejua. Hata zilizo safi, mashine ya kuchezea isafishwe vichwa kwa spiriti ya isopropili kila baada ya kanda kadhaa.

Kanda ya kwetu ni ya mfumo wa runinga wa PAL, fremu 25 kwa sekunde. Unahitaji mashine ya VHS nzima, kifaa cha kunasia video cha USB, na uvumilivu, kwa sababu saa moja ya kanda ni saa moja ya kunasa, haina njia ya mkato. Picha ya VHS imegawanyika mistari kwa zamu, usipoiunganisha utaona kingo za meno meno mtu akitembea. Kwenye programu ya ffmpeg kuna kichujio cha `bwdif` kwa ajili hiyo. Mwisho wake, saa moja kwa H.264 ya megabiti 4 na nusu kwa sekunde ni kama GB 2. Sanduku zima linaingia kwenye diski ya kawaida na nafasi inabaki.

Kaseti ni rahisi zaidi. Toa sauti kwenye tundu la "line out", si la spika za masikioni, ingiza kwenye kadi ya sauti ya USB, rekodi kwa Audacity kama WAV. Dakika 60 ni karibu MB 635, ukigeuza kuwa FLAC inapungua sana bila kupoteza chochote. Usiirekodi kama MP3 mara ya kwanza. MP3 utatengeneza baadaye kutoka kwenye FLAC, lakini ukianza na MP3 ubora uliopotea haurudi.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka: `1991-12-harusi-Chumbageni-upande-A.flac`. Na pembeni ya kila moja weka faili ya maandishi: nani anaimba, nani anapiga fidla, ilikuwa ukumbi gani. Hapo ndipo wewe mzee wangu unahitajika kuliko kompyuta. Ndugu zako wakishapandisha kanda kumi za kwanza, watakuunganisha kwa Tailscale. Mpango wake wa bure unaruhusu zaidi ya mtumiaji mmoja. Utasikiliza na kuwaandikia majina ya watu ambao hao vijana hawawajui.

Hizi ni kumbukumbu zenu za familia. Zikae ndani ya familia, maana waimbaji na watunzi wana haki zao. Kuzitandaza mtandaoni ni mazungumzo mengine.

---

MzeeWaLeicester

Marahaba mwanangu. Wa fidla nawajua wote. Nampigia simu mdogo wangu leo, asizicheze kwanza.

---

Ngamiani

Sasa bekapu, niliyoigusa mwanzoni.

Diski mbili zinazoakisiana, yaani RAID, si bekapu. Zinakulinda na jambo moja tu: diski moja kufa. Mtoto akifuta albamu inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba mashine anabeba zote mbili.

Kanuni inayofuatwa ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Mimi nimeipanga hivi. Ya kwanza iko kwenye seva. Ya pili iko kwenye diski ya nje inayochomekwa Ijumaa, ikimaliza inachomolewa na kurudi kabatini, kwa sababu radi na umeme unaorudi kwa kishindo haviwezi kuifikia diski isiyochomekwa. Ya tatu iko kwa dada yangu Dodoma. Ukipenda hifadhi ya kulipia, Backblaze B2 mwaka 2025 ilikuwa dola 6 kwa TB kwa mwezi, kwa hiyo GB 200 zilikuwa dola moja na senti ishirini. Ila piga hesabu ya kupandisha: GB 200 kwa kasi ya megabiti 10 ni takribani saa 44 mfululizo. Ndiyo maana nakala ya kwanza ya Dodoma ilikwenda kwa basi, mkononi mwa mtu ninayemwamini, na sasa yanapita mapya tu.

Programu ninayotumia ni restic. Inasimba kila kitu kabla hakijatoka, na haihifadhi kitu kile kile mara mbili.

`restic -r /mnt/akiba/hazina backup /srv/picha /mnt/kanda`
`restic -r /mnt/akiba/hazina check --read-data-subset=5%`
`restic -r /mnt/akiba/hazina restore latest --target /srv/jaribio`

Mstari wa tatu ndio watu hawauendeshi. Uendeshe. Fungua picha zilizorudi, cheza kanda moja hadi mwisho. Na neno la siri la restic likipotea, hakuna wa kulifufua, hata waliotengeneza programu. Liandike kwenye karatasi, liweke pamoja na hati ya nyumba, na mwenzako ajue lilipo.

Kwa Immich, mafaili ya picha peke yake hayatoshi. Albamu, majina ya nyuso na nani mwenye picha ipi vimo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Kila usiku Immich yenyewe inatoa nakala ya hifadhidata na kuiweka kwenye folda ya `backups` ndani ya eneo la picha, kwa hiyo ukichukua eneo hilo lote umeichukua na hiyo. Folda za `thumbs` na `encoded-video` unaweza kuziacha, zinatengenezwa upya. Hifadhidata yenyewe inayotembea ikae kwenye SSD ya ndani.

Jambo la mwisho ni diski ya nje inayochelewa kuamka. Kwenye `/etc/fstab` itaje kwa UUID (namba yake ya kipekee) na uweke `nofail`, vinginevyo siku haipo mashine itagoma kuwaka na kukusubiri uje na kibodi. Lakini `nofail` ina upande wa pili: diski isipopanda, `/mnt/kanda` inabaki folda tupu ya SSD, na programu inaanza kuandika humo bila kukuambia, mpaka SSD inajaa. Kabla hujaipandisha diski kwa mara ya kwanza, endesha `chattr +i /mnt/kanda`. Folda tupu inakataa kuandikwa, diski ikipanda juu yake inaandikika kama kawaida.

---

BintiPangani

Kaka, laptopu inawaka na kifuniko kimefungwa! Swali langu moja lililobaki: wanafunzi wangu hawana bando. Naweza kuwawekea kitu cha kusoma humo humo?

---

Ngamiani

Mwalimu, unaweza, na hautahitaji mashine nyingine. Kiwix, mradi ulioanza 2007, inachukua Wikipedia nzima na kuifunga kwenye faili moja ya ZIM inayosomeka bila intaneti. Ya Kiingereza pamoja na picha inazidi GB 100, ya Kiswahili ni ndogo sana kwa hiyo. Ipakue mahali penye intaneti nzuri, ilete kwa diski, kisha:

`docker run -d --restart unless-stopped -v /srv/zim:/data -p 8080:8080 ghcr.io/kiwix/kiwix-serve '*.zim'`

Simu yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ya rauta yako, hata rauta isiyo na laini, itafungua anwani ya laptopu na kuongeza `:8080`. Anza na ya Kiswahili ili uone inavyokwenda, halafu uongeze za hisabati na sayansi. Kwa darasa zima rauta ya nyumbani inaweza kuzidiwa, waingie kwa makundi.

Ukikwama kwenye kupandisha diski, weka hapa matokeo ya `lsblk -f` tuangalie pamoja.